Efrazia, Mimi na Pampu ya Upepo

Madamu Dina, meneja wetu, ameniagiza niandike maisha ya Efrazia. Kiwanda kinatimiza miaka kumi mwaka huu, na pale mapokezi anataka kubandika karatasi yenye picha na habari zake, wageni waisome wakisubiri chai. Amenichagua mimi kwa sababu niliwahi kuwa karani wa wazee wa kanisa na mwandiko wangu unasomeka. Ukurasa wa ukutani nimeshaumaliza. Una tarehe, una sifa, na mahali pote panapohitaji neno "hodari" nimeliweka. Huu ninaouandika sasa ni mwingine, maana ule niliuandika nikiwa nimeuma meno.

Niseme mapema nisije nikaonekana mnafiki. Mwanamke huyu namwonea wivu, na huu ni mwaka wa tano. Nimeliombea jambo hili kanisani, nimefunga, nimejigombeza peke yangu njiani, lakini asubuhi nikiamka naukuta wivu umeshaamka kabla yangu na umeshanawa uso.

Kiwanda chetu kiko Magamba, chini kidogo ya msitu. Ukisimama mlangoni unaona mpaka ukuta wa nyuma. Tunapika jemu ya plamsi, ya pichesi na ya mapeasi, na msimu ukiwa mzuri rojo la matunda linalozidi tunalihifadhi kwenye mapipa ya bluu tupate cha kupika miezi ya baridi. Zamani rojo lilibebwa kwa ndoo kutoka pipani hadi kwenye sufuria kubwa, akina mama wanne wakipishana, na sakafu ilikuwa ya kuteleza kutwa. Miaka sita iliyopita ikaletwa pampu. Mimi, Abrahamu, ndiye niliyepelekwa Tanga siku nane kuisomea. Nilirudi na cheti chenye muhuri. Nilikitia kwenye fremu nikakitundika sebuleni, juu ya picha ya harusi, na mke wangu Scholastica alikitazama muda mrefu.

Lazima niieleze hiyo pampu kidogo, maana asiyeijua pampu hataijua roho yangu. Haina mota wala waya wa umeme. Inaendeshwa kwa upepo. Chumba cha nyuma kuna kompresa, inashindilia upepo kwenye tangi, na upepo unasafiri ndani ya mpira mpaka kwenye pampu. Humo ndani kuna raba mbili nene za duara, moja kulia na moja kushoto, zimeunganishwa na fimbo ya chuma. Upepo ukiisukuma ya kulia, ya kushoto inavutika. Kisha upepo unageuka, inasukumwa ya kushoto. Upande mmoja unanyonya rojo na mwingine unatema, na gololi nne zinapanda na kushuka kuziba njia ili kilichopita kisirudi. Upepo uliokwisha kazi unatokea kwenye sailensa pembeni. Tuku-paa, tuku-paa, kutwa nzima. Uzuri wake mwingine, ukiifunga njia ya kutokea inasimama kimya bila kuungua, na ukiifungua inaendelea kama vile haikukwazika. Ningekuwa na tabia hiyo mimi, karatasi hii isingekuwepo.

Basi nilikuwa mtu. Chumba cha mashine, kile cha nyuma, kilikuwa na kufuli, na ufunguo, ukiacha ule wa akiba wa Madamu, ulining'inia shingoni mwangu. Rojo likikwama watu wote walisimama mikono kiunoni wakisema, "Mwiteni Baba Glory," kwa jina la binti yangu mkubwa, nami nilikuja polepole makusudi, nikivaa koti langu jeupe njiani. Aliyesema mgema akisifiwa tembo hulitia maji alikuwa ananijua.

Efrazia alikuja mwaka uliofuata. Alitokea Mgwashi, upande wa Bumbuli, mjane wa miaka thelathini na moja, mwembamba, ana shule ya darasa la saba, na binti yake alimwacha kwa bibi. Aliajiriwa kuosha matunda na kudeki. Kanisani alijiunga na kwaya ya akina mama, akaimba sauti ya pili, ile ambayo hakuna anayeisikia mpaka ikosewe. Kila asubuhi alipita mbele yangu, akaweka ndoo chini, akakunja magoti kidogo na kusema, "Shikamoo, Baba Glory." Nilijibu, "Marahaba," na hapo mazungumzo yetu yalikwisha. Mtu wa kudeki alikuwa na nini cha kuniambia?

Januari yake ya kwanza, plamsi zikiwa zimejaa hadi uani, nilikuwa nimesimama kando ya pampu inafanya kazi. Yeye alikuwa anadeki miguuni pangu. Akaacha, akainua kichwa.

"Samahani, Baba Glory. Pampu inachechemea."

"Inachechemea? Kwani ina miguu?"

Wenzake wakacheka. Efrazia hakucheka. "Mguu wa kushoto unachelewa," akasema taratibu. "Tangu jana."

Nilimweleza, kwa sauti ya mwenye cheti, kwamba hiyo ni kokwa. Kokwa ya plamsi ikipenya kwenye chujio inakaa chini ya gololi, gololi haizibi vizuri, pampu inakosa pumzi. "Itapita yenyewe," nikasema. "Wewe deki."

Haikuwa kokwa. Ilikuwa raba ya kushoto imechanika, na haikupita nusu saa ikapasuka kabisa. Raba ikipasuka rojo linaingia njia ya upepo na kutokea kwenye sailensa. Mimi nilikuwa nimeinama mbele ya sailensa. Rojo la plamsi la rangi ya zambarau lilinipata usoni, kwenye ndevu, na kwenye koti jeupe kuanzia kola hadi mfuko wa chini. Mwanaidi, mama wa kufunga mitungi, mtani wangu wa siku zote, alicheka mpaka akakalia kreti. "Jamani, jemu imeshaiva! Leteni mkate!" Kwa mwezi mzima aliniita Baba Jemu.

Efrazia hakucheka hata mara hiyo. Aliniletea maji ya moto na kitambaa. Hilo ndilo lililonichoma kuliko kicheko. Mtu akikucheka unaweza kumchukia vizuri. Sasa huyu aliyekuletea kitambaa utamfanyaje? Jioni aliponiaga nilijifanya sijasikia. Tangu siku ile shikamoo zake nilizijibu kwa pua. "Mmh," nasema, huku natazama mipira. Kumnyima mtu marahaba huku kwetu si jambo dogo, na mimi nilikuwa mzee wa kanisa. Yeye aliendelea kunisalimu kila siku kama kawaida, na kila siku nilikuwa na dhambi mpya kabla ya saa moja na nusu.

Nikabadilika. Nikifungua pampu nageuka na kuwapa mgongo, koti nimelitandaza kama kuku anayeatamia. Ila nilisahau jambo moja, kwamba mimi nafungua na kufunga, lakini anayeosha ni yeye. Kila wiki gololi nne, viti vinne zinavyokalia na raba mbili zilipita mikononi mwake kwenye beseni la maji ya moto. Alizisugua, akazipapasa, akazipanga kwenye taulo. Siku moja nilikuta gololi tatu zimepangwa pamoja na ya nne imewekwa kando, peke yake. Niliichukua ile ya nne nikaizungusha kwenye mwanga. Ilikuwa imelika upande mmoja. Hakuna aliyemwambia. Niliirudisha na wenzake nikachanganya, nisikiri kwamba nimeona. Kesho yake niliibadilisha kimyakimya.

Mwaka wake wa tatu, Madamu Dina aliniita. Yeye ni mtu wa Tanga mjini, anasema jambo mara moja na halirudii. "Mzee Abrahamu, ukiugua siku moja tutafanyaje? Mfundishe Efrazia pampu. Yote."

Hapa nimtaje babu yangu mzaa baba. Alikuwa mganga, na Wasambaa kwa dawa za miti hatujambo, watu wanapanda milima kutufuata. Babu alifundisha wajukuu, alifundisha na watu baki, hakuwa mchoyo. Lakini alikuwa na kanuni yake. Dawa ya majani saba anakufundisha majani sita. La saba alibaki nalo mpaka awe karibu ya kufa. "Ukitoa yote," alituambia, "kesho watakupita njiani bila kukusalimu." Hatukuona ubaya. Ndivyo kazi inavyorithishwa kwetu, hata mfua vyuma, hata mpika pombe ya miwa, kila mmoja ana jani lake.

Nikamfundisha Efrazia majani sita. Nilimfundisha kwanza kufunga upepo na kuutoa wote uliobaki kwenye mpira kabla ya kugusa boliti hata moja, kwa sababu pampu iliyoshiba upepo inaweza kukutoa jicho. Nikamwonyesha kuikagua raba kwa kuikunja na kutafuta nyufa ndogo. Nikamwonyesha kufunga boliti kwa msalaba, ya juu halafu ya chini, ya kulia halafu ya kushoto, kidogo kidogo, maana ukizikaza kwa mzunguko raba inakaa upande na baada ya siku mbili inavuja. Kuzirudia kesho yake baada ya kazi. Kuiwasha polepole, upepo kidogo kwanza, isiruke. Kutozidisha upepo hata kama wapishi wanapiga kelele. Alijifunza kwa wiki mbili, bila kuandika. Alipokaza boliti alikuwa anaimba chinichini, sauti ya pili bila sauti ya kwanza, na kila boliti ilikuwa na mahali pake kwenye ule wimbo. Wiki ya tatu alikuwa anafunga pampu haraka kuliko mimi. Niliona. Nikaenda kunywa chai yangu nje.

Jani la saba lilikuwa kompresa. Upepo wa Magamba una maji. Ukungu unaingia mpaka kitandani, sembuse kwenye mashine. Kompresa inaukamua ule upepo, na maji yanabaki chini ya tangi. Kuna koki ndogo pale chini, lazima ifunguliwe kila asubuhi yatoke, la sivyo yanapanda na kusafiri na upepo hadi pampuni. Hapo, upepo unapotoka kwa nguvu kwenye sailensa, unapoa ghafla, na kama ni miezi ya baridi, Julai kwa mfano, maji yanaganda. Ndiyo, barafu. Mafundi wa Tanga walipotueleza hilo walicheka, kwao joto linatoa watu mafuta. Mimi sikucheka kwa sababu nilijua ninakotoka.

Basi kila siku nilifika saa kumi na mbili na nusu, kabla ya watu wote, nikafungua koki, pyuuu, jagi zima la maji ya kutu likamwagika sakafuni, nikafunga. Waliobaki wakifika saa moja, mimi nimeshakaa nasoma gazeti la juzi. Hakuna aliyewahi kuniona. Hilo sikumfundisha.

Mwaka jana mwezi wa saba tukapata habari kwamba wanunuzi wawili wanakuja kutoka Tanga kukagua, Jumatatu, saa tatu. Madamu Dina akatuambia mbele ya wote: baada ya ugeni huo atatangaza msimamizi wa chumba cha mashine. Mmoja. Ufunguo utakuwa wa huyo. Alipokuwa anasema alimtazama Efrazia, kisha akanitazama mimi, kisha akamtazama tena Efrazia. Ule mtazamo wa pili sikuupenda.

Nilichofanya nakisema kama kilivyo. Ijumaa sikuifungua koki. Jumamosi sikuifungua. Jumatatu niliamka, nikala, nikatuma ujumbe kazini, nikajitupa tena kitandani nikasema naumwa.

"Unaumwa nini?" Scholastica akauliza.

"Kichwa. Kinapasuka."

"Kichwa kilichokula viazi vitano sasa hivi?" Alinitazama, mikono yake ndani ya kanga. "Baba Glory, njia ya mwongo ni fupi." Akaenda zake shambani.

Hesabu yangu ilikuwa hivi. Saa tatu wageni wanafika. Saa nne pampu inaota barafu na kusimama, rojo linaungulia sufuriani, Efrazia anafungua na kufunga pampu nzima haoni kosa, kwa sababu kwenye pampu kosa halipo. Saa nne na nusu Madamu anatuma bodaboda kwa Mzee Abrahamu. Mzee Abrahamu, ingawa mgonjwa, anajikongoja, anaingia chumba cha nyuma na kufunga mlango, anatoka, pampu inafanya kazi. Nilikuwa hata na maneno ya kusema. Ningesema, "Ni jambo dogo tu." Ili nisichelewe nilivaa koti langu jeupe, nikajifunika blanketi juu yake.

Saa nne na nusu ikapita. Kila bodaboda iliyopanda mlima niliisikiliza kuanzia kona ya chini, na kila moja ilipita. Saa sita nikaitazama simu, ina chaji na mtandao. Saa nane nikasikia jua limetoka, na mimi ndani ya koti na blanketi nimelowa jasho, sasa naumwa kweli. Nilianza kumchukia Efrazia kwa kutonihitaji. Halafu nikajiliwaza kwamba mambo yameharibika kiasi kwamba wanaona haya hata kuniita.

Saa kumi nikasikia sauti za akina mama njiani. Roho ikanitulia. Nikasema, wamekuja wenyewe, wamekuja kuomba. Nikakunja uso wa mgonjwa anayesamehe.

"Hodi hapa!"

"Karibuni," nikajibu kwa sauti ya chini.

Wakaingia Efrazia, Mwanaidi na wawili wengine wa kuosha matunda. Efrazia alikuwa na chupa ya uji. Mwanaidi ana mtungi wa jemu na mapeasi kwenye mfuko. Hawakuwa na nyuso za watu waliokuja kuomba kitu. Walikuwa wamekuja kumjulia hali mgonjwa.

"Shikamoo, Baba Glory. Pole sana," akasema Efrazia.

"Mmh," nikasema. Kisha nikauliza, nimeshindwa kujizuia, "Kazini hamjambo? Pampu?"

"Weee!" Mwanaidi akavuta kigoda. "Baba Glory, umewahi kuona pampu ikaota ndevu nyeupe? Saa nne wageni wamesimama pale, tuku-paa, tuku-paa, tuku... kimya. Tunaangalia, pembeni pale inapopumulia pameganda barafu! Magamba hii hii! Mgeni mmoja akapiga picha, alidhani ndivyo inavyotakiwa. Madamu akashika simu akupigie, huyu hapa akamkataza. Akasema mgonjwa hasumbuliwi."

"Ikawaje?" Nilijaribu kuuliza kama mtu asiyejali.

"Akaikwangua ile barafu kwa kucha akaitia mdomoni. Akasema, haya ni maji matupu, hayana utamu, kwa hiyo hayakutoka kwenye rojo. Yamekuja na upepo. Akaushika mpira wa upepo, akaufuata mkono kwa mkono mpaka chumba cha nyuma. Akapiga magoti chini ya tangi, akafungua kikoki. Yakatoka maji, Baba Glory, ndoo! Ya kutu! Kisha akaikanda ile sailensa kwa kitambaa cha maji ya moto kama mguu ulioteguka. Dakika kumi hazikuisha, tuku-paa. Wageni wamesaini."

Wale wengine wakapiga vigelegele pale pale chumbani kwangu. Ningeomba paa liniangukie lakini nililiezeka mwenyewe na liko imara.

Wakasema wataniombea. Efrazia akaomba, maneno machache, Mungu amrudishie baba yetu nguvu tunamhitaji kazini. Mwanaidi, Mwislamu wa kuswali, akasema amina kwa sauti kuliko Walutheri wote mle ndani. Kisha Scholastica akaingia kutoka shambani, wakatoka nje kusalimiana naye, na Efrazia akabaki anamimina uji kwenye kikombe.

"Baba Glory," akasema bila kunitazama. "Yale maji chini ya kompresa, mimi ndiye huwa nayadeki."

Nikalivuta blanketi hadi kidevuni.

"Tangu nilipokuja. Kila asubuhi nakuta sakafu ya chumba cha nyuma ina maji ya kutu, na mvua hainyeshi ndani. Karibu miaka minne nimeyadeki. Nikajua ni kazi yako unaifanya mapema. Ijumaa nikakuta pakavu. Jumamosi pakavu. Nikasema moyoni, Baba amesahau."

"Mbona hukuniuliza?"

"Ningekuulizaje? Hukunifundisha. Nikajua ni lako. Na mtu mzima haambiwi amesahau." Akaniwekea kikombe mkononi. "Leo asubuhi tulipoambiwa unaumwa, nikajua hukusahau."

Uji ulikuwa wa moto nikaushika tu. Nilitaka kukasirika, nikatafuta mahali pa kuanzia, sikupaona.

"Nikuulize kitu kimoja tu," akasema. "Lipo jingine?"

Nikafikiri. Namshukuru kwamba aliniachia muda wa kufikiri. Nilipita kwenye pampu yote kichwani mwangu, raba, fimbo, gololi, viti, boliti. Nikaenda kwenye mipira, kwenye sailensa, kwenye kompresa, nikarudi Tanga zile siku nane, darasani, mpaka kwenye chakula cha mchana. Nilikuwa natafuta kitu chochote nilichokificha, kidogo kiasi gani, niweze kusema moyoni kwamba bado kipo. Miaka yote ile nilidhani ninakalia ghala.

"Hakuna," nikamwambia. Ilikuwa kweli.

Akaitikia kwa kichwa. Nje tukasikia wenzake wanarudi na Scholastica, viatu vinakung'utwa mlangoni. Efrazia akaniangalia mkono ulioshika kikombe. Nami nikauangalia. Mkono wa koti jeupe la kazi ulikuwa umetokeza chini ya blanketi mpaka kwenye kifungo. Akainama, akalivuta blanketi, akaufunika, akalipigapiga kidogo kama anavyofunikwa mtoto, na Mwanaidi alipoingia Efrazia alikuwa anasema uji unapoa, Baba anywe.

Ufunguo akapewa Alhamisi. Niliuvua mwenyewe shingoni nikamkabidhi, Madamu akapiga makofi, na mimi nikapiga. Hayo yako kwenye ukurasa wa ukutani, nimeyaandika kwa wino mweusi: mwaka, mwezi, cheo. Nimeandika pia kwamba "alifundishwa kazi na Mzee Abrahamu," na Efrazia aliposoma rasimu aliniambia nisilifute.

Sasa anafundisha wasichana wawili, Angel na Salma. Hawageuzii mgongo. Somo la kwanza kabisa, kabla hata ya kuigusa pampu, anawapeleka chumba cha nyuma, wanapiga magoti, wanafungua koki. Wenyewe wameipa jina kazi hiyo. Utasikia mmoja anamuuliza mwenzake asubuhi, "Umeshatoa maji ya Baba Glory?" Nadhani wanaona ni heshima. Sina hakika Efrazia anaona hivyo, wala sijamuuliza.

Wivu haujaisha. Nikimsikia anaimba na boliti zake bado unaamka. Nikiona watu wamesimama mikono kiunoni wanasema, "Mwiteni Efrazia," natoka nje kutazama msitu. Lakini bado nafika saa kumi na mbili na nusu, mazoea hayana dawa. Siku ya zamu ya Efrazia nakuta taa ya chumba cha nyuma inawaka, koki ameshaifungua na kuifunga, maji ya kutu yametapakaa sakafuni, na wasichana hawajafika. Sipendi wayakute. Nachukua dekio.

"Shikamoo, Baba Glory," anasema Efrazia kutoka mlangoni.

"Marahaba," najibu, kwa mdomo siku hizi, na naendelea kudeki.